Hina ya Mwari

Mwari hatiwi hina. Bi Nunu alilijua hilo tangu yeye mwenyewe alipokuwa mwari, enzi akichungulia mikono ya mabibi harusi na kupigwa kofi la vidole kila alipoinyoosha ya kwake. Hina ni ya mwanamke mwenye mume. Msichana asiyeolewa akionekana nayo, watu wazima huulizana kwa macho kajipambia nani. Lakini Ijumaa ile asubuhi, katika nyumba yao ya Kiponda, ghorofa ya pili, Bi Nunu alimkalisha bintiye Shaima kwenye mkeka wa jikoni, akatia komeo mlangoni, akakoroga piko, ile hina nyeusi, ndani ya kibakuli na kuanza kumpaka kidole kimoja kimoja.

Walikuwa wamekwisha jaribu kila kitu. Limau na chumvi. Sabuni ya unga na mchanga. Mafuta ya taa, yaliyomwacha mtoto ananuka kama jiko bovu. Weusi wa grisi ulikuwa umejikalia kwenye mizizi ya kucha na katika mistari ya vidole, hautaki kusikia la mtu.

“Mama, nshakwambia haitoki,” Shaima alisema. “Inatoka ukiacha kazi mwezi mzima. Na mimi siachi.”

“Ndiyo maana naifunika. Tulia, utanitikisa.”

“Na shangazi akiuliza hina ya nini?”

“Tulikuwa harusini.”

“Harusi ya nani?”

“Ya mtu. Kiponda hii watu hawaoani?”

Shaima alicheka kwa pua. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega yaliyokwisha anza kulibana gauni la Idi iliyopita. “Ungenivisha glavu tu, ukasema nna upele.”

“Kwa ulimi huo ningekupeleka ukasomee uwakili.”

“Famasia, mama. Nasomea famasia. Ushasahau?”

Bi Nunu alichovya tena kwenye kibakuli. Hiyo famasia aliitunga yeye. Wifi yake, Bi Rawiya, dada wa mumewe aliyeolewa Maskati na kukaa huko miaka mingi, alipiga simu siku moja kuuliza mtoto anasoma nini. Bi Nunu alitazama ovaroli ya buluu iliyokuwa ikichuruzika maji kwenye kamba ya darini, akatamka neno la kwanza safi lililomjia. Ukweli ni kwamba Shaima alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha amali, fani ya matengenezo ya magari, na muhula huu chuo kilikuwa kimempeleka kujifunza kazi katika garaji moja huko Mtoni. Tangu siku ya simu ile, ovaroli ilianikwa ndani.

Sasa Bi Rawiya yuko Unguja, na jioni atapanda ngazi za nyumba hii kwa sababu ya mwanawe, Sami. Mwenyewe hakusema hivyo. Alisema anakuja kunywa chai.

*

Alikuja baada ya alasiri, na nyuma yake akamfuata Bi Nadra wa Vuga, ambaye ndiye aliyempokea kwake. Harufu ya udi iliwatangulia mlangoni. Bi Nunu alikuwa amepanga visheti, sambusa za nyama na halua kwenye sahani za maua zilizokuwa za mama mkwe wake, zile ambazo hutolewa kabatini kwa watu wanaojua thamani yake.

“Masalkheri, shangazi,” Shaima alisema, akainama kumbusu mkono.

Ndipo Bi Rawiya alipoushika mkono wa msichana na asiuachie. Aliugeuza. Akakitazama kiganja, akaurudisha juu, akavitazama vidole vilivyopakwa piko hadi pingili ya kwanza, nene, pasi na ua wala tawi, kama kazi ya mtu mwenye haraka.

“Hina ya nini hii, mwanangu?”

“Tulikuwa na harusi,” Bi Nunu aliwahi. “Hapa hapa, jirani.”

“Jirani gani?” aliuliza Bi Nadra, si kwa ubaya. Hapakuwa na harusi mjini isiyomfikia. Alikuwa akialikwa kwenye singo za kuwasugua mabibi harusi, akiitwa kuonja chumvi ya biriani. “Kiponda wiki hii? Mbona mimi sina habari?”

“Mtoto wa Mwatima.”

“Mwatima yupi? Wa Mwatima aliolewa mwezi uliopita. Mimi ndiye niliyemfukiza udi.”

Bi Nunu alijishughulisha na birika. Chai ilimwagikia kisahani. Bi Rawiya aliuachia mkono taratibu, kama mtu anayekirudisha kitu dukani baada ya kukiona kina ufa.

“Nunu,” alisema, “mimi si mtu wa nje. Mtoto huyu kaolewa?”

“La. Kuolewa wapi, wifi.”

“Basi kaachwa? Mambo hutokea. Watu huoza watoto kimyakimya, wakayavunja kimyakimya. Nambie tu, nijue nakwenda kumwambia nini mwanangu.”

Shaima alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, hana pa kuiweka. Alimtazama mamake. Hakukuwa na kiburi katika macho yale; alikuwa akingoja aitwe kwa jina lake. Na Bi Nunu alihisi uso unamwaka hadi masikioni, kwani aliona waziwazi alichokifanya: alitaka kuifunika aibu ndogo, akamvisha mtoto kubwa.

“Ni uchafu tu, wifi,” alisema. “Ni grisi. Nilitaka kuificha grisi.”

“Grisi ya nini?”

“Ya magari. Anasomea ufundi wa magari.”

Bi Rawiya alifikiri kidogo. “Ufundi wa kuchora? Wa kwenye kompyuta?”

“Wa kuingia chini ya gari, shangazi,” Shaima alisema.

Bi Nadra alichukua kisheti asichokitaka.

“Bora ungenambia kaachwa,” Bi Rawiya alisema mwishowe. “Talaka ina stara yake. Mjukuu wa marehemu Khalil anatambaa chini ya gari za watu? Babu yako huyu alikuwa na dereva, unajua hilo? Alikuwa akifunguliwa mlango.”

“Na gari likiharibika, shangazi, alikuwa akilitengeneza nani?”

“Shaima,” Bi Nunu alisema. “Nenda ndani.”

Shaima alikwenda. Bi Rawiya alijifunga baibui lake kwa utulivu. Chai yake ilibaki mezani haijaguswa, na hilo lilimuuma Bi Nunu kuliko maneno yote.

*

Saud, mumewe, alirudi magharibi kutoka hoteli ndogo ya Shangani alikokuwa akikaa mapokezi. Kabla hajavua viatu simu ililia. Bi Nunu alikuwa nyuma yake na sinia la vikombe, akasikia.

“Wallahi sikujua, dada,” Saud alisema. “Mimi hushinda kazini. Mambo ya mtoto anayajua mamake.”

Bi Nunu aliliweka sinia chini. Viatu vya kazi vya Shaima, vile vizito vyenye chuma mbele, aliyekwenda kuvinunua Darajani ni Saud. Alimchagulia namba moja zaidi ili avae soksi nene, akarudi navyo ndani ya mfuko mweusi, akisema muuzaji alidhani ni vya kijana wa kiume. Usiku ule walicheka wote watatu.

“Kasema Jumapili kuna chakula kwa Nadra,” Saud alisema baada ya kukata simu, akiikwepa sura ya mkewe. “Uende ukamtake radhi, mbele ya Nadra na jamaa watakaokuwepo. Na mtoto atoke huko garaji. Yakiwa hivyo, posa ya Sami bado ipo.”

“Na chuo?”

“Chuo gani tena? Atakwenda Maskati.”

“Nkitoka garaji sasa, mtihani sifanyi.” Shaima alikuwa kwenye mlango wa chumba chake, ametupa mtandio begani. “Miezi ya kazini isipotimia hawanipi namba ya mtihani. Miaka yote hii inakwenda bure, baba.”

“Zungumza na mamako.”

“Nazungumza na wewe.”

Saud alivua viatu, akavipanga ukutani sawasawa, akaenda kutia udhu.

Shaima alimgeukia mamake. “Utakwenda kunitoa?”

Bi Nunu angeweza kusema lolote. Lakini masikio yake yalikuwa bado na ile sauti ya Bi Rawiya, na akilini alikwisha ona habari zikishuka ngazi za nyumba hii, kutoka ghorofa hii hadi barazani, kutoka barazani hadi sokoni. “Nitakwenda mwenyewe,” alisema. “Kesho. Nitaongea naye vizuri huyo bwana mwenye garaji, yaishe kwa heshima.”

Shaima alifunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga tu.

*

Siku ya pili Bi Nunu alivaa nikabu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akateremkia Mtoni na kuuliza njia kwa muuza madafu. Garaji ilikuwa kiwanja chenye ukuta wa matofali upande mmoja na mabati upande mwengine, ardhi imelowa mafuta hadi imekuwa nyeusi na ngumu kama sakafu. Alipandisha ncha ya baibui akaingia akichagua pa kukanyaga.

Mwenye garaji aliitwa Nahodha, mtu wa Makunduchi, mzee kidogo, kofia ya kiua imekaa upande. Alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

“Karibu, bi mkubwa. Gari ina nini?”

“Sina gari.”

“Basi huna ugonjwa. Kaa.” Alimsogezea kiti, akakipangusa, akakitazama, akakifunika kwa gazeti.

Bi Nunu hakukaa. Mbele yake palikuwa na Noah nyeupe ya kubebea watalii, imeinuliwa upande mmoja na kuegemezwa kwenye vigogo, na chini yake miguu miwili imetoka nje. Viatu vile alivijua. Kutoka chini kulikuja mlio wa chuma kikigongwa: gonga, kimya, gonga.

“Nimekuja kwa huyu msichana,” alisema kwa sauti ya chini. “Shaima.”

“Ah, Shaima.” Uso wa Nahodha ulilegea. “Nilimkataa huyu, nisikufiche. Chuo waliponiletea mtoto wa kike nilisema huyu ataniletea maneno tu. Sasa vijana wangu wakishindwa na breki wanamwita wanadhani mimi sioni. Wewe nani wake?”

Swali lilikuwa dogo. Bi Nunu alifungua mdomo. Nyuma yake, kwenye kivuli cha mabati, wanaume wawili wenye magari yao walikuwa wakisubiri, na mmoja alikuwa na sura ya mtu aliyewahi kumwona Kiponda, kwenye baraza ya kahawa.

“Jirani yake,” alisema.

Mlio wa chuma ulikatika.

“Nilidhani umetumwa na mamake,” Nahodha aliendelea, hajaona kitu. “Mamake namjua. Siku ya wazazi pale chuoni alikuja, sisi wenye magaraji tulialikwa. Mama mzuri. Bi Nasima, wa Bwejuu, analima mwani. Wazazi wenzake walisimama mbali na watoto wao wasichafuke, yeye alimkumbatia hivi hivi na ovaroli yake, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga, kanga mpya. Akanambia, nitunzie. Mimi nimesema huyu mtoto hakuharibika kwa sababu ana mama.”

Bi Nunu alishukuru kwamba uso wake ulikuwa umefunikwa, na papo hapo akaona haya kwa kushukuru. Miguu ilikuwa haijatikisika. Kisigino kimoja kilikuwa kimejikita ardhini kama cha mtu anayezuia kitu kizito kisimwangukie.

“Shaima,” Nahodha aliita.

“Naam.”

“Jirani yako kaja kukutazama. Toka umsalimie.”

Sauti ilichelewa. Ilipokuja ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu mwenye kazi mkononi.

“Mwambie nimeshikilia bomba, siwezi kuliachia. Mwambie anisalimie mama.”

“Umesikia?” Nahodha alicheka. “Kazi kwanza. Ulikuwa na ujumbe gani, bi mkubwa?”

Maneno aliyoyapanga njia nzima, ya heshima na ya kuyamaliza, hayakuwa ya jirani kuyasema. Jirani hana ruhusa ya kumtoa mtoto wa mtu kazini.

“Sina,” alisema. “Nilipita tu.”

Alipofika langoni mlio ulianza tena. Hakugeuka nyuma. Alitembea juani hadi akapita njia aliyopaswa kuishika, ndipo akagundua baibui lake lilikuwa limemponyoka likakokota ardhi ya garaji na sasa lina doa refu jeusi, na kwamba watu wa barabarani wanaliona.

*

Shaima alirudi jioni, akaoga, akala akiwa amesimama dirishani. Bi Nunu alikuwa akichambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa.

“Mbona hukunitoa?”

“Jirani hamtoi mtu.”

Alitumaini mtoto angecheka. Hakucheka.

“Huyo Bi Nasima,” Bi Nunu alisema, “ulimwita?”

“Ni mama wa mwenzangu. Yule msichana mwengine wa darasani. Wazazi wote walikuja, mimi nkasimama peke yangu karibu na injini kama nnaiuza. Kaja mwenyewe. Nahodha kamdhania ni mamangu, na sikumsahihisha.”

“Kwa nini hukunambia kuna siku ya wazazi?”

“Nlikwambia, mama. Hapa hapa. Ulikuwa unakaanga samaki. Nlikwambia, ukaenda ukafunga dirisha ili watu wa chini wasisikie. Kisha ukarudi kwenye samaki wako.”

Bi Nunu alitafuta katika kumbukumbu zake siku ile ili aikanushe. Aliikuta. Walikuwa changu, na dirisha liligoma, akalisukuma kwa kiwiko.

“Mwanangu,” alianza.

“Usinambie kitu sasa,” Shaima alisema. “Nimechoka, mama. Kesho pia nna kazi, ile Noah inatakiwa Jumatatu. Wewe fanya unalotaka kufanya huko kwa Bi Nadra. Mimi nshajua pa kusimama.”

Alichukua sahani yake akaiosha mwenyewe, akaipanguza, akaiweka mahali pake, kama mgeni mwenye adabu. Bi Nunu alibaki na ungo wa mchele mapajani. Alikuwa angali anaona haya kwa ajili ya ile grisi. Asingeweza kusema uongo hata kwa nafsi yake. Lau angeamka kesho akute mtoto anasomea famasia kweli, angetoa sadaka. Lakini chini ya haya ile palikuwa na nyengine, na hiyo haikuwa ya kuogopa watu.

*

Nyumbani kwa Bi Nadra kulikuwa na biriani ya mbuzi na kachumbari ya embe mbichi. Wanawake watano walikuwa wamekaa kuzunguka mkeka, jamaa wa upande wa Saud, wote wanajua waliitwa kwa nini na wote wanasifu chakula. Saud alikaa kwenye kiti karibu na mlango, peke yake mwanamume, kwa kuwa dadake alitaka awepo.

“Mtoto yuko wapi?” Bi Rawiya aliuliza.

“Kazini,” alisema Bi Nunu.

“Kazini?” Bi Rawiya alimtazama kaka yake. Saud aliitazama kofia yake aliyoivua na kuiweka gotini. “Nilidhani lile lilikwisha.”

“Halijakwisha. Ana mtihani. Atafanya mtihani.”

Mtu mmoja aliomba maji. Bi Nadra alimpa, kisha akajisogeza karibu na Bi Nunu, akamwekea mkono gotini. “Mambo haya madogo, shoga yangu. Mtake radhi wifi yako, tule. Wali unapoa.”

“Mimi sina kinyongo,” Bi Rawiya alisema, na huenda alikuwa akisema kweli. Macho yake yalikuwa na uchovu wa safari. “Kusomea garaji, haya, tuseme ni ujinga wa utoto. Lakini umenidanganya, Nunu. Mwaka mzima nawaambia watu famasia. Mwanangu nimemwambia famasia. Umeniacha uchi mbele ya mtoto wangu. Hilo tu ndilo ninalotaka uliseme.”

Alikuwa na haki. Bi Nunu aliliona hilo, na kuliona hakukumsaidia. Aliibana mikono chini ya mtandio.

“Nilikudanganya,” alisema. “Hakuna famasia, hakukuwapo. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nikikuogopa, wewe na watu wote waliokaa hapa. Nimemfanya mwanangu aanike nguo zake ndani kama mwizi. Jana mtu kaniuliza mimi nani wake, nikasema jirani. Yeye mwenyewe alikuwa anasikia.”

Mmoja wa wanawake aliinamisha kichwa. Bi Nadra aliuondoa mkono wake gotini, pengine bila kujua.

“Basi,” Bi Rawiya alisema, kwa upole zaidi. “Umekiri. Sasa nitake radhi, tumalize.”

“La.”

“La nini?”

“Anayenidai radhi yuko Mtoni, chini ya gari, na kakataa hata kunisikiliza. Nikija kuimwaga hapa kwako ili nile biriani, yeye nitampa nini? Mwambie Sami vyovyote utakavyo, wifi. Mwambie mamake Shaima ndiye muongo. Radhi yako siitaki.”

Saud aliinuka nusu kutoka kitini. Uso wake ulikuwa mwekundu, na sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya mapokezi, ya kuwatuliza wageni.

“Nunu. Neno moja tu. Liseme, twende nyumbani.”

“Nimekwisha sema,” alisema Bi Nunu. “Siombi.”